Uzi: Betri na pawabenki kwenye ndege, nini kinapita JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, na nini kinabaki mezani kwa wakaguzi?

Mama Wawili wa Umoja

Hamjambo nyote. Mwezi ujao naenda Guangzhou kuangalia bidhaa, napitia Dubai, halafu kutoka Guangzhou nachukua ndege ya ndani hadi Yiwu. Vitu vyangu vya umeme: laptopu, simu mbili, kamera na betri zake tatu za akiba, na pawabenki mbili. Moja ni ya 20,000 mAh, nyingine imeandikwa 50,000 mAh, niliinunua Luthuli, ile barabara ya maduka ya vifaa vya umeme Nairobi, wakati stima ilikuwa inapotea kila jioni mtaani kwetu.

Shemeji anasema nitie zote kwenye begi kubwa nikabidhi kaunta, eti hakuna anayefungua. Binamu yangu aliye Doha anasema nisithubutu. Nimsikilize nani? Na hiyo ya 50,000 sitaki kuiacha, tafadhali msianze na hilo.

Mzee wa Gikomba

Msikilize shemeji. Mimi ni mtu wa Dubai na Istanbul tangu zamani na pawabenki yangu hulala chini ya nguo kwenye begi kubwa. Hapa mtandaoni watu wanapenda kutishana tu.

Mtu wa Kago

Dada, binamu yako ndiye anayejua. Nafanya kazi ya kusafirisha mizigo hapa Embakasi na kila siku nashughulika na makaratasi ya betri, kwa hivyo niruhusu niandike kwa kirefu.

Sheria hii haikutungwa JKIA. Inatoka ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, na kampuni za ndege huifuata kupitia miongozo ya IATA, chama chao cha kimataifa. Ndiyo maana utaikuta ileile Nairobi, Addis Ababa, Dubai na London. Betri ya lithiamu ya akiba, yaani ile ambayo haiko ndani ya kifaa chake, hairuhusiwi kwenye mzigo wa kukabidhi. Pawabenki inahesabiwa kuwa betri ya akiba hata ikiwa na taa na waya zake. Hiyo unapanda nayo mwenyewe.

Watu wengi huangalia mAh, kipimo cha chaji, na hapo ndipo wanapopotea. Mkaguzi anaangalia Wh, yaani wati-saa, nguvu yote iliyomo ndani. Mpaka 100 Wh unapita bila kuomba ruhusa ya mtu. Ikizidi 100 lakini isizidi 160, lazima kampuni ya ndege ikubali kwanza, na hata ikikubali za akiba ni mbili tu. Ikipita 160 haipandi ndege ya abiria, kabini wala chini.

Kama lebo haijaandika Wh, zidisha mAh kwa volti kisha gawanya kwa 1,000. Pawabenki nyingi seli zake ni za volti 3.7. Ile ya 20,000 ni 74 Wh, haina shida. Hii ya 50,000 ni 185 Wh. Samahani, ulisema tusianze na hilo, lakini inabaki nyumbani Umoja.

Mama Wawili wa Umoja

Ngoja kwanza. Nyuma ya ile ndogo imeandikwa 5V, si 3.7. Nikizidisha kwa 5 napata 100 kamili. Sasa nizidishe kwa ipi?

Fundi wa Luthuli

Kwa 3.7. Hiyo 5V ni umeme unaotoka kwenye tundu la chaja kwenda kwa simu, umeshapandishwa na sakiti iliyo ndani. Seli zenyewe ni 3.7. Na hapa kuna mtego: kuna zile zinazouzwa kama 26,800 mAh. Hazikupewa namba hiyo kwa bahati. 26,800 kwa 3.7 ni 99.16 Wh, zimetengenezwa zikae chini ya mstari wa 100. Ukikosea ukazidisha kwa 5 utapata 134 na utaanza kuombea ruhusa kitu kisichohitaji ruhusa.

Laptopu ni hivyohivyo, tumia volti iliyo kwenye betri yake. Ya volti 11.4 na 4,000 mAh ni 45.6 Wh. Hata zile laptopu kubwa za inchi 16 za Apple betri zake zinaishia karibu na 100 kwa sababu hiyohiyo.

Sasa nataka kuuliza swali. Hiyo pawabenki yako ya 50,000 ina uzito gani? Iweke kwenye mizani ya jikoni utuambie.

Mama Wawili wa Umoja

Gramu 230. Kwani?

Fundi wa Luthuli

Kwani haina 50,000, mama. Seli ya kawaida ya duara, ile inayoitwa 18650, ina gramu 45 hivi na hubeba kama 2,500 mAh. Kufikisha 50,000 unahitaji seli 20, hiyo ni gramu 900 kabla hujaweka ganda. Ya gramu 230 haiwezi kuwa na seli zaidi ya nne au tano. Ukipata 10,000 ya kweli humo ndani, shukuru.

Nafanya kazi hapa Luthuli na sijifichi. Mteja akiingia dukani anauliza moja tu, "ni ya ngapi?" Mwenye kuchapisha lebo kule kiwandani anajua swali hilo, anachapisha namba ya kufurahisha. Ukiwa sebuleni huo ni uongo wa kuudhi tu, simu inajaa mara mbili badala ya kumi. Ukifika uwanjani unageuka kuwa hasara, maana mkaguzi hana mizani ya seli. Anasoma lebo. Lebo inasema 50,000, yeye anahesabu 185 Wh, anaitoa. Umenyang'anywa kitu kidogo kilichodai kuwa kikubwa.

Jirani wa Kayole

😂😂 Basi abandue lebo, mchezo uishe.

Fundi wa Luthuli

Akibandua ndiyo mbaya zaidi, hasa China. Kule pawabenki isiyo na maandishi, au yenye maandishi yaliyofutika mpaka hayasomeki, inatolewa hapohapo. Na kuandika kwa kalamu usijaribu.

Mzee wa Gikomba

Sawa, nimewasikia na hesabu zenu. Nijibuni hili basi. Kama betri ni hatari hivyo, mbona iwekwe huku juu kwenye watu, na isiwekwe chini kwenye masanduku? Mimi moto ningependa uwe mbali nami.

Aliyekuwa Angani

Mzee, swali lako ni zuri kuliko majibu mengi niliyoyasoma hapa. Nilikuwa mhudumu wa ndege kwa miaka kadhaa kabla ya kupata watoto. Moto ukiwa huku juu tunauona. Tunasikia harufu, tunaona moshi, tuna mitungi ya kuzimia, tuna maji, tuna mikono. Chini hakuna mtu.

Chini kuna gesi ya haloni inayozima miale. Lakini betri ya lithiamu haizimwi kwa kuondoa miale peke yake. Seli moja ikiharibika inapata joto, joto linaichemsha ya pembeni, nayo inalipuka, inaiambukiza inayofuata. Usipoipoza, inaendelea. Ndiyo maana sisi tulifundishwa kumwaga maji au kinywaji chochote kisicho na kileo, tena na tena, hata baada ya moto kuonekana umekufa. Barafu hapana, inafunika na kuhifadhi joto ndani.

Mwaka 2017 Mamlaka ya Anga ya Marekani, FAA, ilifanya majaribio ya laptopu iliyopashwa joto ndani ya sanduku la nguo. Walipoweka kopo la dawa ya nywele ya kupuliza karibu yake, lililipuka ndani ya sekunde 40. Hebu fikiria ni masanduku mangapi yanayotoka Nairobi yakiwa na kopo la namna hiyo.

Na kwa upande wa mizigo mikubwa, Septemba 3, 2010 ndege ya mizigo ya UPS, Boeing 747, iliondoka Dubai ikiwa na shehena yenye betri za lithiamu. Moto ukawaka, moshi ukajaa chumba cha marubani mpaka hawakuona vyombo vyao. Wote wawili walikufa. Tangu Aprili 1, 2016 betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake kama kago haziruhusiwi kwenye ndege za abiria.

Mzee wa Gikomba

Hilo la maji sikulijua. Haya, endeleeni.

Mtu wa Kago

Nimwongezee mzee la jirani zetu. Julai 12, 2013 Dreamliner ya Ethiopian Airlines ilikuwa imeegeshwa Heathrow, haina abiria hata mmoja. Ikashika moto karibu na mkia, juu, paa likaungua. Wachunguzi wa Uingereza walipofuatilia walifika kwenye kifaa cha kutoa ishara ndege ikianguka. Kina betri ya lithiamu, na nyaya zake zilikuwa zimebanwa vibaya chini ya kifuniko. Betri ya kifaa kimoja tu. Waya umebanwa, mguso umetokea, yamekwisha.

Ndiyo sababu mnaambiwa mfunike vichwa vya betri. Funguo, sarafu au klipu ya karatasi ikigusa pande zote mbili za betri ya kamera ndani ya mkoba, umetengeneza hitilafu yako mwenyewe.

Mtanzania Mpita Njia

Salaam kutoka ng'ambo ya Namanga. Miongozo mingi inasema kila betri ya akiba iwe kwenye mfuko wake wa plastiki. Huko kwenu mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Agosti 2017, kwetu tangu Juni 2019. Sasa wakubwa wanataka tufanyeje, tuvunje sheria ipi? 😄

Mtu wa Kago

Haha. Selotepu mkuu. Kipande kimoja juu ya vichwa vya shaba, betri imetulia. Au kile kikasha kigumu kilichokuja na betri ya kamera, usikitupe. Cha maana ni vichwa visiguse chuma na visigusane. Dada mwenye uzi, hizo betri zako tatu za kamera ni ndogo sana kwa Wh, hakuna wa kukusumbua, zifunike tu na uzibebe mkononi.

Bin Shaban Msa

Na laptopu je? Mimi nikitoka Mombasa kuunganisha Nairobi, begi la mkononi huwa limejaa halua na achari za watu, laptopu nairusha kwenye sanduku.

Aliyekuwa Angani

Kaka, betri ikiwa ndani ya kifaa chake inaruhusiwa chini, lakini kifaa kizimwe kabisa, siyo kulazwa tu kwa kufunga kioo, na kikingwe kisiwake chenyewe wala kisipondwe. Ruhusa ipo. Lakini kama ni mimi, ningepeleka halua chini na laptopu juu.

La muhimu kuliko hilo ni huku: ukifika mlangoni mwa ndege ukaambiwa kabini imejaa, begi lako dogo linashushwa chini, usilitoe kwa hasira ukaondoka. Fungua, toa pawabenki na betri zote za akiba, panda nazo. Hapo ndipo watu wema kabisa huvunja sheria bila kujua, kwa sababu wamesimama kwenye foleni na mtoto analia na kila mtu nyuma anawasukuma.

Na simu ikidondoka kwenye ufa wa kiti, usirudishe kiti nyuma wala mbele kuitafuta. Kiti kinaiponda betri. Ita mhudumu.

Muuza Vitambaa, Eastleigh

Dada wa Umoja, njia yako ndiyo njia yangu, wacha nikwambie mambo mawili ambayo hawa ndugu hawajayagusa.

La kwanza Dubai. Kama unaenda na Emirates, tangu Oktoba 1, 2025 abiria anaruhusiwa pawabenki moja tu, chini ya 100 Wh, lebo isomeke. Huruhusiwi kuchajia simu nayo ukiwa ndani ya ndege, wala kuichaji yenyewe kwenye kiti. Unaiweka mfuko wa kiti cha mbele au chini ya kiti, siyo kwenye kabati la juu. Kwa hivyo hata hiyo ya 50,000 ingekuwa halali, ungeacha moja.

La pili ndilo linalowaliza watu wetu. Tangu Juni 28, 2025 China haipandishi pawabenki isiyo na alama ya 3C kwenye ndege za ndani. 3C ni alama yao ya ubora, unaiona kama herufi CCC zimepangwa pamoja. Utaondoka JKIA salama, Dubai salama, utashuka Guangzhou salama, halafu siku ya kwenda Yiwu wakaguzi wanaichukua. Zimejaa kwenye mapipa. Na hata yenye alama, kama ni toleo ambalo kiwanda kimeagiza lirudishwe kwa hitilafu, haipiti. Mwezi huohuo wa Juni Romoss, watengenezaji wa pawabenki, waliagiza karibu 490,000 zirudishwe, na wenzao Anker nao wakaagiza zao.

Ushauri wangu: nenda na ile ya 20,000, ikikosa 3C iache hotelini Guangzhou ukirudi uichukue, na ununue nyingine kulekule yenye alama kwa safari za ndani. Au panda treni ya kasi, ingawa kwenye stesheni nako wanakagua.

Jirani wa Kayole

Kwa nini kabati la juu hapana? Huko ndiko kila mtu anaweka begi.

Muuza Vitambaa, Eastleigh

Kwa sababu ya Busan. Januari 28, 2025, ndege ya Air Busan ilikuwa uwanja wa Gimhae, Korea Kusini, inajiandaa kwenda Hong Kong. Moto ukaanzia kwenye kabati la juu. Watu wote walitoka kwa mitelezo, ndege ikateketea. Wachunguzi walisema huenda ni pawabenki. Kuanzia Machi 1 Korea ikakataza pawabenki makabatini, na nchi na kampuni nyingine zikafuata. Ikianza kufuka ndani ya begi lililofungwa, ndani ya kabati lililofungwa, hakuna anayeiona mpaka imeshika.

Mama Wawili wa Umoja

Nimeelewa. Nimeangalia ile ya 20,000: ina Wh imeandikwa, 74, haina 3C. Nitafanya kama alivyosema wa Eastleigh. Hiyo nyingine nampa shemeji.

Mzee wa Gikomba

Mwambie asiitie kwenye begi kubwa 😂

Kijana wa Droni

Naingilia hapohapo. Napiga picha za harusi, betri za droni zangu ni Mavic 3. Zinapita?

Fundi wa Luthuli

Moja ni 77 Wh, iko chini ya 100. Zibebe kabini, zifunike vichwa, zisiwe zimejaa pomoni. Kuna kampuni zinazoweka idadi, soma masharti ya unayopanda. Lakini betri siyo shida yako kubwa, shida ni droni yenyewe. Kuiingiza Kenya kunahitaji kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, na nchi unayokwenda itakuwa na yake.

Jirani wa Kayole

Na vile vidude vya kutafuta begi likipotea? Vina betri na vinakaa ndani ya sanduku.

Mtu wa Kago

Vinaruhusiwa. Betri ya kidonge ya CR2032 ina lithiamu karibu gramu 0.1, na mwisho wa kifaa kinachobaki kimewashwa kwenye mzigo ni gramu 0.3. Masanduku ya kisasa yenye pawabenki ya kujengewa ndiyo yenye kasheshe: kama betri haitoki, kampuni nyingi hazilipokei kabisa. Betri za kawaida za tochi ya babu, zile zenye picha ya paka, hazina neno, weka popote, ila zisigusane na chuma.

Hustla wa Roysambu

Wasee, kuna zile betri kubwa za nyumbani, za kuwasha TV na waifai stima ikienda. Dubai bei ni nusu ya hapa. Ya 256 Wh naweza kuibeba kama mzigo wa mkononi? Ni ndogo, ina kishikio.

Mtu wa Kago

Hapana. 256 imepita 160, kishikio hakisaidii. Nimeona mtu akibishana mezani na risiti mkononi, akiuliza kwa nini duka lililoko ndani ya mji huohuo lilimuuzia. Duka linakuuzia, halikupandishi ndege. Hizo zinakuja kwa kago iliyotangazwa, kwa meli au ndege ya mizigo, zikiwa na karatasi zake na chaji isiyozidi asilimia 30 kama ni za angani. Ukijumlisha gharama hizo na ushuru, piga hesabu tena kama ile nusu bei bado ipo. Vianzishio vya gari vyenye lithiamu pia viangalie Wh, watu huvisahau kwa sababu vinauzwa duka la vipuri.

Binti Nyeri

Samahani, langu ni tofauti kidogo. Mama yangu anatumia kiti cha magurudumu cha umeme, kile chepesi cha kukunja. Tunampeleka India kwa matibabu. Betri imeandikwa 24V 10Ah. Hiyo ni 240, imepita 160. Ina maana hawezi kwenda nacho? Nimekuwa nikisoma uzi huu roho mkononi.

Mtu wa Kago

Dada, tulia. Viti vya wasiojiweza vina kifungu chake, haviko kwenye mstari wa 160. Betri ya lithiamu inayotolewa kwenye kiti inaruhusiwa mpaka 300 Wh. Kama kiti kinatumia mbili, kila moja mwisho wake ni 160. Ya kwenu ya 240 imo ndani. Betri inatolewa, vichwa vinafunikwa, inapanda na mama kabini ndani ya mfuko wake. Kiti kinakunjwa kinashuka chini, na hakihesabiwi kwenye kilo zenu. Mnaruhusiwa pia ya akiba, moja ya mpaka 300 au mbili za mpaka 160.

Lakini hili haliendi bila kibali. Usisubiri kaunta.

Aliyekuwa Angani

Piga simu kwa kampuni ya ndege mapema, angalau saa 48 kabla, waandike kwenye tiketi ya mama kwamba ana kiti cha umeme na betri ya lithiamu ya 240 Wh. Wakikubali, waombe wakutumie kwa barua pepe, ichapishe. Piga picha lebo ya betri na ya kiti, zile zenye volti na Wh. Na kama mnabadilisha ndege njiani kwa kampuni nyingine, hiyo ya pili nayo ipigie, kibali cha ya kwanza hakiwafungi wao. Fika JKIA mapema kuliko kawaida, mzigo unapita skana mlangoni mwa jengo kabla hata hujaona kaunta, na pale ndipo maswali yanapoanza. Mama aombewe kiti cha uwanja kutoka pale mlangoni.

Binti Nyeri

Asanteni sana. Tunaunganisha Addis, nitawapigia wote wawili kesho asubuhi.